“Maria Hakulia”: Dhana Inayowaumiza Waombolezaji

Wiki hii nimeisikia tena. “Dada, Mama Maria alisimama chini ya msalaba na hakulia. Mimi ni nani hata nilie?” Aliyesema ni mama aliyemzika mwanawe miezi minne iliyopita. Rozari alikuwa ameizungushia kiganjani, ameibana mpaka punje zimeacha alama kwenye ngozi. Hapati usingizi, hali chakula, na jumuiya nzima inamsifu kwa kuwa imara.

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hakuna dhana inayonikera kama hii: kwamba anayempenda Bikira Maria kweli humeza uchungu wake kimya. Haikuzuka hivi hivi. Mtakatifu Ambrosi wa Milano, katika karne ya 4, aliandika kwamba anasoma Maria alisimama, wala hasomi kwamba alilia. Ni kweli, Yohane 19:25 haitaji machozi. Lakini Kanisa halikuishia hapo. Utenzi wa Stabat Mater, wa karne ya 13, unaanza na Mama aliyesimama kando ya msalaba akilia, na kila tarehe 15 Septemba tunamkumbuka Bikira Maria wa Mateso.

Msomeni Maria wa Injili. Malaika anapomletea habari, anauliza: “Litakuwaje neno hili?” Kisha haketi peke yake na siri nzito, anaondoka kwa haraka kwenda kwa Elizabeti na kukaa naye kama miezi mitatu. Anapompata Yesu hekaluni baada ya siku tatu, hajizuii: “Mwanangu, mbona umetutenda hivi? Tazama, baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta kwa huzuni.” Ametaja kilichotokea, ametaja anavyojisikia, na amemwambia mhusika mwenyewe. Mimi hutumia wiki nyingi kumsaidia mtu aweze kutamka maneno ya namna hiyo! Ndiyo, Luka anasema aliyaweka hayo yote moyoni mwake. Aliyaweka baada ya kuyasema. Na pale msalabani alikuwa na wanawake wenzake, na mwanafunzi aliyependwa na Yesu.

Nilimwomba yule mama tusali pole pole Salamu Malkia, sala anayofungia Rozari kila jioni. “Tunakulilia, tukilalamika na kuhuzunika, bondeni huku kwenye machozi.” Alipofika kwenye “tukilalamika” sauti ikakatika. Miaka yote hiyo ameitamka, na leo ndiyo ameisikia. Akalia kwa muda mrefu, nami sikumharakisha. Usingizi bado haujarudi, kwa hiyo nimemwelekeza kwa daktari pia.

Hapo ndipo inapokuja dhana ya pili: “Ukiwa na Rozari, dawa ya sonona ni upungufu wa imani.” Someni katika Biblia kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38: tabibu ameumbwa na Bwana, na dawa zatoka katika nchi. Lourdes kwenyewe, mahali pa hija huko Ufaransa, kuna ofisi ya madaktari tangu 1883, na kati ya maelfu ya watu waliosema wamepona, Kanisa limetambua miujiza zaidi kidogo ya 70 tu. Bernadette, aliyetokewa na Bikira Maria hapo Lourdes mwaka 1858, aliendelea kuugua hadi akafa 1879 akiwa na miaka 35. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa pungufu? Usiache dawa kabla ya kuzungumza na aliyekuandikia.

Dhana ya tatu: “Nimeruka siku ya sita, novena imeharibika.” Haijaharibika. Siku tisa za sala hiyo zinatukumbusha mitume waliodumu katika sala pamoja na Maria wakimngojea Roho Mtakatifu. Endelea ulipoishia. Na ule ujumbe wa simu unaotishia mkosi usipousambaza, ufute.

Ya nne: “Mawazo yakihama, Rozari haihesabiki.” Yakikimbilia kaburini kwa mwanao, yafuate, umweleze Mama hapo hapo. Nami nasisitiza: tendo moja la Rozari kwa utulivu ni bora kuliko matano ya mbio. Utafiti uliochapishwa 2001 katika jarida la kitabibu la Uingereza, kwa watu 23, ulionyesha kuwa kusali Salamu Maria kwa Kilatini kulishusha kasi ya kupumua hadi kama mara 6 kwa dakika. Ukisali kwa kukimbia, mwili haupati nafasi hiyo.

La mwisho nalisema kwa uangalifu: “Kila mtu hutulizwa na neno mama.” Si kila mtu. Wapo walioumizwa na mama zao, na ukiwaambia “mkimbilie Mama” wanajikunyata. Msiwalazimishe. Papa Paulo VI, mwaka 1974, aliandika kwamba Maria ni dada yetu kweli, aliyeshiriki hali yetu. Mwanamke mmoja ninayemhudumia ameanzia hapo. Jioni humwita Dada Maria, anamsimulia siku yake ilivyokwenda, kisha analala.