IgG chanya haimaanishi mtoto ameambukizwa

Skani ya wiki ya 22 imeonyesha matumbo ya mtoto yaking'aa kama mfupa, au vyumba vya maji kichwani vimepanuka. Mama anatumwa maabara na kurudi na karatasi ya TORCH, yaani vipimo vya damu vya maambukizi yanayoweza kumfikia mtoto tumboni: toksoplazima (kimelea) IgG chanya, rubela IgG chanya, CMV (kirusi cha saitomegalo) IgG chanya. Kabla hajamwona daktari, tayari ameambiwa mtoto ameambukizwa.

Hapana! IgG ni kingamwili, kumbukumbu ya mwili. Inasema uliwahi kukutana na kijidudu, pengine ukiwa chekechea. Hapa Nairobi watu wazima walio wengi wana IgG ya CMV, na ile ya rubela ndiyo kinga tunayoitaka. Swali ni lini. IgM, kingamwili ya mwanzo wa maambukizi, pekee haijibu, kwa sababu yaweza kubaki damuni miezi mingi, na mara nyingine hutoka chanya bure. Ndiyo maana tunapima aviditi, yaani nguvu ya IgG kukishika kijidudu. Aviditi ikiwa juu, maambukizi kwa kawaida yamepita miezi mitatu. Ikiwa juu wiki ya 10, yalitangulia mimba. Ikiwa juu wiki ya 24, bado haijulikani kama yalitokea mwanzoni mwa mimba au kabla yake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia chochote, uliza maabara kama ile damu ya kliniki ya kwanza bado imehifadhiwa. Sampuli zote mbili zipimwe siku moja, mashine moja. IgG iliyokuwa hasi ikawa chanya, huo ndio ushahidi.

Ushahidi huo bado ni wa mama. Wa mtoto unatoka kwenye maji ya uzazi, kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kijidudu. Kwa CMV, maji yasitolewe kabla ya wiki ya 17, wala kabla ya wiki 8 tangu mama aambukizwe: kirusi lazima kivuke kondo, kifike figo za mtoto, kitoke na mkojo. Ukiharakisha utapata hasi ya uongo. Na skani ikiwa na dalili nzito, aviditi ya juu isikuzuie kupima maji, maana CMV ya zamani huweza kuamka.

"Kaswende nilipimwa kliniki ya kwanza." Jibu hilo ni la siku ile. Kondo likiwa nene na ini la mtoto limevimba, rudia, na uombe damu ichanganywe na maji ya chumvi, kwa kuwa kingamwili zikizidi huficha jibu la VDRL, kipimo cha kaswende. Dawa ni benzathine penisilini, yuniti milioni 2.4, na mume atibiwe pia. Erithromisini haimtibu mtoto.

Na toksoplazima, ni paka? Uliza kwanza nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa.

"TORCH hasi, basi hakuna maambukizi." Paneli nyingi hazina parvovirusi B19, kirusi kinachoweza kumpunguzia mtoto damu. Mtoto akijaa maji mwilini, iagize peke yake, na siku hiyohiyo mtaalamu apime kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wa mtoto. Kasi ikizidi mara 1.5 ya wastani, mtoto huenda amepungukiwa damu sana, na anaweza kuongezewa akiwa tumboni.