Breki za Haibridi ya Kuchajiwa: Toa Ripoti Kabla Taa ya Onyo Haijafutwa

Malalamiko ya breki yanayotufikia kutoka kwa wenye magari ya haibridi ya kuchajiwa, yaani yanayotumia petroli pamoja na betri inayochajiwa kwa umeme wa nje, hasa Toyota Prius PHV na Mitsubishi Outlander PHEV yaliyotumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa, yana kasoro moja inayojirudia. Gari hufika mbele ya mkaguzi likiwa limekwisha kupita kwa fundi, taa ya onyo imezimwa kwa mashine, na misimbo ya hitilafu, yaani alama za kasoro zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari, iliyokuwa ushahidi wetu mkuu imefutwa. Mwenye gari hueleza, kwa nia njema kabisa, kwamba tatizo liliisha kisha likarudi. Halikuisha. Kuzima taa si matengenezo, na tunaomba jambo hili lieleweke mara moja.

Katika magari haya kompyuta husoma jinsi dereva anavyokanyaga breki, kisha hugawa kazi: sehemu moja hufanywa na mota inayogeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na sehemu nyingine hufanywa na mafuta ya breki yanayobana pedi kwenye diski. Mgawanyo huo hubadilika wakati wote wa safari. Betri iliyojaa haina nafasi ya kupokea umeme zaidi, na ndiyo sababu mtu aliyechaji gari usiku kucha Limuru, kisha akateremka asubuhi kuelekea Mai Mahiu, huhisi kwamba gari halijizuii kama lilivyofanya jana yake jioni anapoondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta. Hiyo peke yake si hitilafu. Hisia inayobadilika kila betri inapojaa, na kurudi hali ya kawaida betri inapopungua, ni tabia ya gari. Lakini kanyagio linalozama, pampu inayovuma bila kupumzika, taa nyekundu ya breki, au gari linaloonekana kuponyoka kwenda mbele kwa kitambo baada ya gurudumu kugonga shimo au tuta huku dereva akiwa amekanyaga breki, ni mambo ya kuripotiwa siku hiyo hiyo.

Hilo la mwisho lina historia ambayo kila mlalamikaji angepaswa kuijua. Mwanzoni mwa Februari 2010, NHTSA, mamlaka ya Marekani ya usalama wa barabarani, ilifungua uchunguzi wa Prius ya toleo la mwaka huo baada ya kupokea malalamiko 124 ya wenye magari, manne yakitaja ajali. Toyota kwanza ililieleza tatizo kama suala la hisia ya dereva. Tarehe 9 Februari kampuni hiyo ikatangaza kuyarejesha magari takriban 437,000 duniani ili kubadilisha programu ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge breki zinapokanyagwa. Kwa Japani pekee yalikuwa 223,068, na ndani yake zilikuwamo Prius PHV 159 za awali. Mwaka 2013 ukafuata mwito mwingine wa kurejesha magari yapatayo 242,000, Prius na Lexus HS250h, kwa sababu ya chombo cha kuhifadhi shinikizo la breki ambacho gesi yake ya naitrojeni ingeweza kuvuja na kuingia kwenye mafuta ya breki. Uchunguzi ule wa 2010 ulianza kwa sababu watu wa kawaida waliandika barabara ilikuwaje, walikanyaga vipi na gari likafanya nini.

Mwito wa kurejesha gari hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa, na gari likishavuka bahari barua hiyo haina pa kwenda. Wengi hutuonyesha cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa kana kwamba kinajibu swali la iwapo gari liliwahi kuitwa na kurekebishwa. Hakijibu, ukaguzi ule hutazama hali ya gari siku lilipokaguliwa. Wengine huingiza nambari ya chasisi katika tovuti ya Marekani ya kutafuta miito hiyo, wakakosa matokeo, wakahitimisha kwamba gari ni salama. Tovuti ile hutaka nambari yenye herufi na tarakimu 17, ilhali gari la soko la Japani hubeba nambari fupi inayoanza, kwa mfano, na ZVW35 au GG2W. Nambari hiyo hutafutwa katika ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji mwenyewe.

Kuhusu dhana kwamba breki za haibridi hazihitaji huduma: pedi hudumu muda mrefu kwa sababu mota hufanya kazi kubwa, lakini diski isiyobanwa mara kwa mara hushika kutu, na hewa ya chumvi ya pwani huharakisha jambo hilo. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa. Kiwango cha chini cha kuchemka kwa mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 ni nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya, na hushuka hadi 140 yakiwa na unyevu. Katika aina nyingi za magari haya, kutoa hewa kwenye breki huhitaji mashine ya uchunguzi. Fundi anayekanyaga na kufungua nati kwa mazoea ya gari la kawaida anaweza kuingiza hewa mpya.

Ripoti kamili ina nakala ya logbuku, nambari ya chasisi, usomaji wa kilomita, tarehe na saa ya tukio, kiwango cha chaji ya betri wakati huo, hali ya barabara, picha ya dashibodi, na misimbo iliyosomwa bila kufutwa. Kukosekana kwa kiwango cha chaji ndiko kunakotuchelewesha zaidi. Ikumbukwe pia kwamba kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura 403, kinakataza kuendesha gari bovu barabarani, na kifungu cha 58 kinaweka faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kutoa ripoti hakumwondolei mtu wajibu huo.

Kwa hiyo gari lenye taa nyekundu ya breki lisiendeshwe kuja kwetu, hata kama kituo kiko jirani. Livutwe likiwa limepakiwa juu ya lori, na betri ndogo ya volti 12 isichomolewe, kwa kuwa katika baadhi ya magari kuichomoa hufuta kumbukumbu tunayoitafuta.