Picha Nyeusi Nyuma Haikupigwa Usiku, Jamani

Ikipandishwa picha ya konokono wa baharini mwenye weusi tii nyuma yake, lazima atokee wa kuuliza: "Hii ulizama usiku saa ngapi?" Saa 6 mchana, mita 12, jua la utosi.

Siri ni kulizuia jua, mnyama amulikwe na flashi peke yake: ISO 100 (wepesi mdogo wa sensa kwa mwanga), f/22 (tundu dogo la lenzi), shata 1/250 ya sekunde. Kwanza zima flashi upige: fremu itoke nyeusi. Ikitoka ya kijani, jua bado linaingia. Shata usiivushe kikomo chake cha kwenda na flashi, maana utapata mkanda mweusi pembeni na kuisingizia flashi ubovu. Wapo wanaodai f/22 inalegeza ukali. Kweli inalegeza, na kwenye sensa ndogo mimi hurudi f/16 bila aibu.

Sasa kinachonikera. Mtu anapanga yote hayo, kisha analalamika nyuma kumetoka kijivu. Kijivu kwa sababu kuna mchanga! Weusi haupakwi na flashi. Ni pale ambapo mwanga haukukuta cha kugonga. Flashi ikiwa sentimita 10 kutoka kwa mnyama na sentimita 30 kutoka mchangani, mchanga unapata moja ya tisa tu ya mwanga anaoupata mnyama. Lakini mchanga wa Mnemba, kisiwa kidogo kando ya Unguja, ni mweupe wa matumbawe, na moja ya tisa hiyo inatosha kuufanya uonekane kama sakafu ya saruji. Wenzetu wa Lembeh, Indonesia, wana mchanga mweusi wa volkano. Nusu ya kazi wamefanyiwa na mlima. Kunakili namba zao ukiwa Unguja ni kujichosha.

Kwa hiyo shuka. Kamera iwe chini ya usawa wa mnyama, itazame juu kidogo, nyuma yake yabaki maji matupu. Konokono mmoja kwenye ncha ya sifongo anawashinda watano waliolala mchangani.

Aliyelala mchangani mwachie snuti, ile faneli ya kubana mwanga. Isimamishe wima juu yake, mdomo sentimita 5 hadi 8 kutoka mgongoni, duara lisizidi mwili. Zima TTL, yaani kamera kujipangia yenyewe nguvu ya flashi: ikiona weusi mwingi inaongeza mwanga, na mnyama kwenye picha anatoka mweupe kupita kiasi. Anza na nusu ya nguvu, kwani snuti inakula mwanga. Kulenga ndiko kunakochosha. Kwenye flashi nyingi taa ya kulengea haikai sawa na tyubu (sehemu inayotoa mmweko wenyewe), hivyo pale unapoona duara sipo flashi itakapotua. Jaribu kwanza kwenye kibao chako cha kuandikia. Hata hivyo fremu nyingi zitakosa; anayesema hakosi, anafuta haraka.

Kamba wa kioo mmulike kutoka nyuma, flashi ijifiche kabisa nyuma ya mwili wake au ya tumbawe. Tyubu ikichungulia kidogo tu, picha nzima inafunikwa na ukungu mweupe.