Je, wajua kwa nini umeweka verbose=0 na programu bado inaongea?

Watu wengi wanaojifunza Python huichukulia verbose, ile namba unayoipa fanksheni kuiambia ichapishe maneno kiasi gani, kama nob ya redio: 0 kimya, 1 sauti kiasi, 2 kelele zaidi, na kila laibrari inafuata mpango huohuo. Haiko hivyo hata kidogo. Kwa Keras, laibrari ya kufunza modeli, verbose=1 inakupa ile baa inayotambaa ikijaa kwa kila epoki (mzunguko mmoja wa kupitia data yote), na verbose=2 inakupa mstari mmoja tu kwa epoki nzima, yaani namba imepanda na maneno yamepungua. Hapo sababu ipo: ukiacha kazi iende usiku kwa seva na maneno yaingie kwa faili, baa inayotembea inabaki takataka tupu.

Sasa kama Keras yako inaendeshwa na TensorFlow, yaani laibrari inayofanya hesabu chini yake, kuna TF_CPP_MIN_LOG_LEVEL, mpangilio unaouweka nje ya kodi kuchagua ujumbe upi uonekane, na huku mambo yamegeuzwa, 0 inaonyesha kila kitu na 3 inaficha hadi makosa. Joblib nayo, ile ambayo scikit-learn (laibrari nyingine ya kufunza modeli) hutumia kugawa kazi, ukiiweka verbose yake juu ya 50 inahamisha ujumbe wake kwenda mkondo mwingine kabisa. Hamsini, jamani.

Yote ni kwa sababu verbose haina sheria nyuma yake. Aliyeandika fanksheni ameweka if mahali, kwamba verbose ikizidi 0 basi print hii, na mistari ambayo haiko ndani ya hiyo if haijui hata kama verbose ipo. Chukua matatu ya Rongai: abiria wamelalamika, dereva amezima muziki, lakini makanga bado ananing'inia mlangoni akiita tao tao, maana sauti yake haipitii kwa redio, na hata akinyamaza kuna jamaa wa kiti cha nyuma anaongea na simu kwa spika. Verbose inazima redio tu. Onyo la NumPy, laibrari ya hesabu za namba, linapitia warnings, mfumo wa maonyo wa Python wenyewe, kwa hivyo ukitaka linyamaze unaongea na warnings. Yale ya TensorFlow yanatoka chini kabisa kwa C++ na unayazima kabla ya kuandika import, baada ya hapo umechelewa.

Tena programu ina mikondo miwili ya kutolea maneno, wa 1 ni wa majibu na wa 2 ni wa malalamiko. Ndio maana mtu anaandika python train.py > matokeo.txt na skrini bado inajaa, hiyo > imebeba mkondo wa 1 pekee, wa pili unataka 2>.

Na wale wanaosema verbose=0 inafanya modeli ijifunze haraka? Hesabu ni zilezile, unachookoa ni muda wa kuandika kwa skrini. Epoki ikichukua dakika kumi hutaona tofauti, lakini bachi (mafungu ya data) ndogondogo nyingi ndani ya notibuku, hapo inawezekana.

Kimya pia kinaweza kuzidi. Chukua curl, amri ya kudaunlodi: curl -s haizimi tu baa ya kudaunlodi, inameza na ujumbe wa kosa, kwa hivyo seva isipopatikana unaona skrini tupu. Kodi ya kutoka, ile namba programu inaacha ikimaliza, bado inakuja, 6 kama jina la seva halijulikani, ila nani huiangalia? Ndio maana kwa skripti nyingi utakuta -sS, s ndogo ya kunyamazisha na S kubwa ya kurudisha makosa pekee.