Mkorosho wako umekua: umepima nini?

Mvua zikikatika huku kusini, kuanzia Newala na Tandahimba mpaka Nachingwea na Ruangwa, habari ya shambani huwa moja: mikorosho imekua vizuri mwaka huu. Ni habari njema, lakini haijakamilika. Kimekua nini? Urefu, unene wa shina, mwavuli wa matawi, uzito, au machipukizi yatakayobeba maua? Hivyo ni vitu mbalimbali, na kimoja kinaweza kupanda huku kingine kikishuka kwenye mti uleule.

Tuanze na mbegu. Ukiloweka korosho kwa siku moja au mbili, zinazoelea unazitupa, zilizozama zinavimba na kuongezeka uzito. Hapo hakuna kilichokua bado. Ni maji tu yameingia, na hata mbegu iliyokufa huvimba vilevile. Ianike na uzito utarudi ulikokuwa. Kiumbe hai hukua pale seli zake zinapogawanyika, zikarefuka na kujijengea kuta mpya, ongezeko ambalo jua haliwezi kulirudisha nyuma.

Sasa fanya jaribio hili, hasa kama una kitalu. Chukua korosho 30 za uzito unaokaribiana. Kumi zikaushe kabisa kwenye tanuri la nyuzi 70 hadi uzito usishuke tena, kwa kawaida saa 48 hadi 72, uandike wastani wake. Kumi zipande kwenye mwanga na kumi kwenye chumba chenye giza totoro, zote kwenye mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 5, ile sehemu iliyoshikana na bibo, yaani tunda lake laini, ikitazama juu. Kuota huchukua kati ya wiki mbili na nne. Miche ya gizani ikishajinyoosha, ing'oe yote bila kukata mizizi, osha mchanga, ikaushe kama mwanzo pamoja na mabaki ya mbegu, kisha pima. Ya gizani itakuwa mirefu kuliko ya kwenye mwanga, lakini ikikauka ni myepesi kuliko mbegu ulizoanza nazo. Imerefuka kwa kula akiba yake yenyewe.

Ndiyo maana siupendi mche mrefu, mwembamba, wa kijani kilichopauka, hata kama wanunuzi wengi huukimbilia wa kwanza. Mara nyingi umelelewa kwenye kivuli kizito au umebanwa na wenzake. Tazama unene wa shina na rangi ya majani kwanza, urefu baadaye. Tazama pia chini ya kiriba, yaani mfuko wa mche: mkorosho una mzizi mkuu unaoshuka haraka, na mche uliokaa sana kitalini huukunja mzizi huo. Juu utaonekana unaendelea, chini umeshajifunga, na kiangazi cha kwanza shambani ndicho kitakachokuonyesha.

Unene una kiwanda chake. Chini tu ya gome kuna tabaka jembamba la seli, kambiamu, linalotengeneza mbao kwa ndani na gome kwa nje. Kazi yote ya kubebesha, yaani kuunga kijiti cha mti mwingine juu ya mche, inalitegemea. Majani ya kikonyo, ndicho kijiti hicho, huondolewa siku 7 hadi 10 kabla ya kukikata, ili macho yavimbe. Kikonyo cha sentimita 10 hivi huchongwa kama kabari ya sentimita 3 au 4 na kuingizwa kwenye mpasuo wa mche. Kama unene haulingani, usikiweke katikati. Kilinganishe upande mmoja, kambiamu iguse kambiamu, kisha funga kwa utepe wa nailoni bila kuacha upenyo. Kisu butu huziponda seli hizo, na mkato ulioachwa wazi huzikausha. Katika hali zote mbili kikonyo kitabaki kibichi kwa siku kadhaa kwa maji yake ya ndani, halafu kitakauka. Ubichi wa siku hizo usikudanganye, subiri chipukizi jipya. Likishika, kumbuka kuufungua utepe, maana shina likinenepa litajinyonga.

Mnazi hauna kambiamu. Shina lake likishajengeka halinenepi mwaka hadi mwaka kama la mkorosho, kwa hiyo futi kamba haitakuambia umri wake. Unakua kwa kilele kimoja tu, na mbawakavu akikitoboa hadi kwenye chipukizi, mti wote unakufa. Mbuyu nao hunywea kiangazi na kunenepa masika kwa sababu ya maji shinani, hivyo vipimo vyake vilinganishwe vya msimu uleule. Na kwenye majaruba ya chumvi ya pwani ya Lindi na Mtwara, chembe za chumvi nazo hukua, kwa kujibandika tabaka kwa nje maji yanapokauka. Hakuna seli wala uhai hapo.

Kwa mkorosho mchanga, tia alama ya rangi kwenye shina, sentimita 10 juu ya kiungo cha kubebesha, na pima mzunguko hapohapo kila mwaka. Mzunguko ukitoka sentimita 30 hadi 36, futi inasema asilimia 20, lakini eneo la mkato wa shina limeongezeka asilimia 44. Mwavuli upime mara mbili, kaskazini–kusini na mashariki–magharibi, chukua wastani, uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa 0.785. Mita 6 kwa 8 ni wastani wa 7, yaani mita za mraba 38.5 hivi.

Kwa nini mwavuli? Kwa sababu mkorosho hutoa maua kwenye ncha za machipukizi mapya, upande wa nje unaopata jua. Nafasi ya mita 12 kwa 12 inaupa kila mti mita za mraba 144, takribani miti 28 kwa ekari. Matawi yakishagusana, pande zinazogusana zinaacha kutoa maua ya maana, ingawa mbao zinaendelea kuongezeka. Shamba la namna hiyo linakua kwa kuni na kupungua kwa korosho.

Machipukizi hayohayo laini ndiyo chakula cha ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu unaotanda kama unga mweupe, ulioripotiwa nchini mwaka 1979. Kuvu wake hushika majani machanga, maua na korosho changa. Jani likishakomaa anashindwa. Salfa, dawa ya kumzuia kuvu huyo, basi ifuate mti unavyochipua, si tarehe ya jirani. Na vile vichipukizi vinavyoota ndani ya kivuli, viondoe kabla ya maua, kwa kuwa humhifadhi kuvu msimu usio wa maua.

Jambo linalonivutia kuliko yote liko kwenye tunda. Korosho hutangulia bibo. Ndani ya takribani wiki tano inafika ukubwa wake wote, kisha inaanza kusinyaa na kuwa ngumu huku bibo likivimba kwa kasi wiki za mwisho. Kwa hiyo korosho kubwa kuliko zote mtini ni changa bado: ganda limemaliza kukua, kiini hakijajaa. Ukiiangua kwa kuuamini ukubwa wake utapata kiini chepesi chenye maji, na gunia litashuka daraja ghalani. Okota iliyodondoka yenyewe, itenganishe na bibo, ianike siku mbili au tatu.

Tahadhari hiyohiyo itumie ukisikia takwimu. Uzalishaji wa korosho Tanzania ulifika takribani tani 145,000 msimu wa 1973/74, ukaanguka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Anayeanza kuhesabu kutoka hapo chini anaweza kutangaza ukuaji wa mara tatu na bado asifike nusu ya kilele. Watu nao huongezeka kwa kulimbikizana: sensa za 2012 na 2022 zinaonyesha Mtwara ikikua asilimia 2.5 kwa mwaka na Lindi 3.2. Gawanya 70 kwa asilimia hiyo, utapata miaka ya kuongezeka maradufu, 28 na 22 hivi, kasi ikibaki ileile. Mti haubaki na kasi ileile. Huanza taratibu, hushika kasi, kisha hupunguza.

Shambani kwako, gawanya kilo za korosho kavu za kila mti kwa eneo la mwavuli wake. Mti wa kilo 8 wenye mita za mraba 38.5 unatoa gramu 208 kwa kila mita ya mraba. Wa kilo 10 wenye mita za mraba 80 unatoa gramu 125, na huo ndio wa kupogolea kwanza mavuno yakiisha.