Hawakurithi shamba: wakulima wa mvinyo wa Ufaransa ninaowafuatilia

Kuna swali ambalo wateja wangu hawachoki kuniuliza: wakubwa wa Bordeaux na Bourgogne, mikoa maarufu ya mvinyo ya Ufaransa, nimeshawajua, na bei zao zimenishinda, sasa nimtafute nani? Huwa sianzi na jina la mkoa. Naanza kwa kuangalia ni nani kati ya hawa wapya hakurithi kitu.

Huko Bourgogne, hekta moja ya shamba la Grand Cru, yaani daraja la juu kabisa, inauzwa kwa mamilioni ya euro, na mara nyingi mwenye nayo aliachiwa na babu. Kijana asiye na babu wa namna hiyo hana pa kuingilia. Anakwenda kufanya kazi kwa fundi mkubwa miaka kadhaa, anaiva, kisha anatafuta ardhi ambayo wenye fedha wameidharau. Ikiwa ardhi ile ni nzuri kweli, haipiti miaka mingi kabla wanunuzi wa London na Tokyo hawajaifikia. Kazi yangu ni kufika kabla yao.

Kwa sasa moyo wangu uko Saumur, kwenye bonde la mto Loire, na hasa kilima cha Brézé. Chini yake kuna jiwe laini la chokaa, jeupe lenye umanjano kidogo, ambalo wenyeji huliita tuffeau. Kwa karne nyingi walilichimba kujengea makasri, na mapango yaliyobaki ndiyo maghala ya mvinyo ya leo, ambamo ubaridi haubadiliki sana mwaka mzima. Zabibu ya mvinyo mweupe hapo ni Chenin. Mkulima wa Dodoma anaijua vizuri, na anayekunywa mvinyo mweupe wa Afrika Kusini huenda ameshaizoea hata kama hajawahi kusoma lebo.

Ila Chenin ya Brézé ina tabia nyingine. Usitegemee tunda tamu likupokee mlangoni. Kwanza unakuja uchachu mkali unaojaza mate kinywani, kisha kitu kama vumbi la chaki kwenye ufizi, na ukishameza ladha haiondoki haraka. Mvinyo ukiwa mchanga huwa umejifunga kabisa, hautoi harufu yake. Mimi huimimina kwenye jagi saa moja kabla ya chakula, na siiweki kwenye barafu, kwa sababu ukiipoza mno unabaki na ule uchachu peke yake. Nyuzi 12 zinatosha.

Miaka mingi Saumur ilijulikana kwa mvinyo wa mapovu wa bei nafuu, na kwa jina moja zito: Clos Rougeard, shamba la ndugu wawili, Charly na Nady Foucault. Charly alifariki mwaka 2015, na mwaka 2017 shamba likanunuliwa na ndugu Martin na Olivier Bouygues, ambao pia wanamiliki Château Montrose kule Saint-Estèphe, Bordeaux. Bei, iliyokuwa juu tayari, ikapaa. Lakini ujuzi ulikuwa umeshatoka nje ya ukuta. Nady alikuwa amemsaidia Romain Guiberteau, kijana aliyesomea sheria kabla ya kurudi kwenye mashamba ya babu yake katikati ya miaka ya 1990. Najua, huyu alirithi, na sasa ameshapata jina. Namtaja kwa sababu ya aliyekuja kujifunza kwake: Brendan Stater-West, Mmarekani kutoka Oregon asiye na ukoo wowote wa mizabibu Ufaransa. Alifanya kazi kwa Guiberteau, akapata kipande chake cha ardhi, na mavuno yake ya kwanza kwa jina lake ni ya 2015. Chupa yake iitwayo Les Chapaudaises ni Saumur nyeupe. Ina chaki ileile, ila naiona nyembamba kidogo kuliko ya mwalimu wake, na kwa samaki wa kuchoma napenda hii zaidi.

Ukishuka na mto kuelekea Angers, chokaa inaisha na mwamba mweusi wa matabaka unaanza. Hapo ndipo Savennières, na hapo ndipo alipo Thibaud Boudignon. Alitokea upande wa Bordeaux, akapitia Bourgogne kwa Philippe Charlopin, na mwishoni mwa miaka ya 2000 akaanza vyake Anjou, eneo linalozunguka Angers. Mvinyo mwingi mweupe wa Bourgogne hupitia mchachuko wa pili, ambapo bakteria hugeuza asidi kali kama ya tofaa bichi kuwa asidi laini kama ya maziwa. Hapo ndipo unapopata ule ulaini wa siagi. Boudignon anauzuia. Mvinyo wake, hasa Clos de la Hutte, unabaki umenyooka, na ladha ya pipa la mbao haisikiki sana. Wapo wanaouona mkali mno. Mimi naona ndio mvinyo mweupe wa Loire ninaoamini zaidi kuuhifadhi miaka kumi.

Tatizo la watu hawa ni wingi. Chenin huchipua mapema, na jalidi ya Aprili ikipiga, kama ilivyopiga sehemu kubwa ya Ufaransa mwaka 2021, mwenye hekta chache anaweza kukosa karibu mavuno yote. Hana akiba ya kuuza mwaka unaofuata.

Kwa mvinyo mwekundu nitamtaja mmoja tu: Mee Godard wa Morgon, Beaujolais. Alizaliwa Korea, akalelewa Ufaransa, akasomea mvinyo Oregon na Montpellier, na akaanzisha shamba lake mwaka 2013. Gamay yake, zabibu nyekundu ya Beaujolais, si ile ya kunywa baridi na kusahau. Ina ukakasi wa kushikilia nyama, hasa ile ya kilima cha Côte du Py, na inavumilia kukaa.

Hata Bourgogne kwenyewe kuna mlango wa nyuma. Tomoko Kuriyama, Mjapani aliyesomea kazi hii Ujerumani, na Guillaume Bott walianzisha Chanterêves huko Savigny-lès-Beaune mwaka 2010 kwa kununua zabibu za watu wengine. Mashamba yao wenyewe yalikuja baadaye. Tafuta Aligoté zao, zabibu ambayo majirani waliidharau kwa vizazi.

Tahadhari moja: si kila mgeni ni fundi. Kuna chupa zinazosifiwa mtandaoni ambazo ukizifungua zinanuka siki, na muuzaji anakuambia hiyo ndiyo asili yake. Siki ni siki. Na usiogope lebo iliyoandikwa Vin de France, yaani mvinyo wa Ufaransa tu, bila jina la eneo. Richard Leroy wa Anjou, mmoja wa mafundi wakubwa wa Chenin, huuza hivyo kwa hiari yake.

Nairobi na Dar chupa hizi ni adimu. Ukiwa na ndugu Paris au Brussels, mwambie aende duka dogo la mvinyo, si supamaketi, aombe Saumur nyeupe ya kawaida ya Guiberteau, mavuno ya miaka mitatu minne nyuma. Ukishaielewa hiyo ndipo umtume Clos de la Hutte, na umpe hela ya kutosha.