Mary Ainsworth na watoto wa Buganda: mchango wa Uganda katika saikolojia changanuzi

Anayeanza kusoma historia ya saikolojia changanuzi, yaani taaluma ya kuchunguza yaliyofichika ndani ya nafsi, huonyeshwa njia inayotoka Vienna kwa Sigmund Freud, ikapitia Budapest na Berlin, hadi London, ambako Melanie Klein na Anna Freud walivutana kwa miaka mingi kuhusu namna ya kuielewa nafsi ya mtoto mdogo. Njia hiyo ni ya kweli, ila ina kituo kimoja ambacho vitabu vingi hukipita kwa sentensi mbili tatu tu, nacho ni vijiji vya pembezoni mwa Kampala, ambako mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliwatazama watoto na mama zao mwaka 1954 na 1955. Kazi yangu ni kuhudumia watoto na wazazi wao, na nadharia ninayoitegemea zaidi katika kazi hiyo, nadharia ya mwambatano, yaani ya kifungo cha mtoto na mtu anayemlea, ilipata katika vijiji hivyo ushahidi wake wa mwanzo kuhusu watoto waliotazamwa majumbani mwao. Nasadiki kwamba mchango huo ni mkubwa kuliko unavyokiriwa, na kwamba sehemu muhimu ya yale yaliyoonekana kule iliachwa nyuma nadharia ilipohamia Marekani.

Ili kuupima mchango huo inafaa kwanza kuona pengo lililokuwapo. Freud aliijenga picha yake ya utoto kwa kuwasikiliza watu wazima waliolala kwenye kochi lake wakikumbuka yaliyopita. Hata katika maelezo yake mashuhuri ya mwaka 1909 kuhusu mvulana aliyeogopa farasi, habari nyingi aliletewa na baba wa mtoto, na yeye mwenyewe hakukutana na mtoto huyo kwa matibabu isipokuwa mara moja. Klein alipiga hatua kwa kuwapa watoto vitu vya kuchezea na kuusoma mchezo wao, lakini alichokitafuta humo kilikuwa njozi za ndani, na maisha halisi ya nyumbani hayakupewa uzito mkubwa. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza aliyehitimu kuwa mchanganuzi mwaka 1937, alisimulia baadaye jinsi alivyokuwa akimtibu mvulana asiyetulia chini ya usimamizi wa Klein, akakatazwa kuzungumza na mama wa mtoto, ingawa wasiwasi wa mama huyo ulikuwa dhahiri kwa yeyote aliyemtazama. Miezi michache baadaye mama akalazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili. Kwa mtu mwenye tabia ya Bowlby, jambo kama hilo halikuweza kupita hivihivi.

Baada ya vita Bowlby aliongoza idara ya watoto katika Kliniki ya Tavistock, London, na mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilichapisha ripoti yake kuhusu watoto waliokosa malezi ya mama. Ripoti ilionyesha madhara ya kutenganishwa, lakini haikueleza kwa nini kutenganishwa kunaumiza hivyo. Jibu lililokubalika wakati ule, kwa wafuasi wa Freud na kwa wapinzani wake pia, lilikuwa kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama humlisha. Bowlby alilitilia shaka jibu hilo. Alisoma kazi za Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, kuhusu vifaranga wanaomfuata mama wasiyelishwa naye, akaanza kufikiri kwamba mtoto wa binadamu huzaliwa na mwelekeo wa kumtafuta na kumng'ang'ania mtu wa kumlinda, na kwamba mwelekeo huo unasimama peke yake bila kutegemea chakula. Katika ofisi yake alikuwapo pia James Robertson, ambaye wakati wa vita alikuwa mhudumu wa mitambo ya kupasha joto katika kituo cha watoto cha Anna Freud. Kituoni humo kila mfanyakazi, awe amesoma au hajasoma, alitakiwa kuandika kwenye kadi yale aliyoyaona watoto wakiyafanya. Ningependa jambo hili likumbukwe, kwa kuwa nidhamu ya kutazama na kuandika ndiyo iliyofika Uganda kabla ya nadharia yenyewe.

Mary Ainsworth, aliyezaliwa Marekani mwaka 1913 na kukulia Toronto, aliingia Tavistock mwaka 1950 baada ya kujibu tangazo la kazi gazetini. Alivutiwa sana na maandishi ya Robertson, akajiapiza kwamba siku akiwa na utafiti wake mwenyewe ataifuata njia ile. Mawazo mapya ya Bowlby hayakumvutia kiasi hicho. Aliona ni jambo lililo wazi kwamba upendo wa mtoto unazaliwa na kushibishwa, akamwonya Bowlby asije akaiharibu sifa yake. Mapema mwaka 1954 alimfuata mumewe Kampala, akapata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Makerere. Kipindi hicho Buganda ilikuwa katika majonzi na hasira, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilikuwa imempeleka Kabaka Mutesa II uhamishoni tangu Novemba 1953. Kwamba familia za Waganda ziliweza kumfungulia mlango mwanamke wa Kizungu mwenye daftari katika hali hiyo ni ukarimu usiopaswa kuchukuliwa kuwa wa kawaida.

Alikusudia kuchunguza desturi ya kulikiza, ambayo alikuwa ameelezwa kwamba mtoto huachishwa ziwa kwa siku moja na kupelekwa kwa bibi yake ili alisahau. Alipofika alikuta desturi hiyo imeshaachwa na wengi. Mtafiti mwingine angeondoka, lakini yeye alibadilisha swali. Alipata familia 26 zenye watoto 28 wanaonyonya, akawa anazitembelea takriban kila baada ya wiki mbili, saa mbili kila safari, kwa muda uliofikia miezi tisa kwa baadhi yao. Ziara zilifanyika alasiri sebuleni, wakati ambao wanawake wa Buganda hupokea wageni. Aliandamana na mkalimani wake, Katie Kibuka, ambaye bila yeye mahojiano na akina mama yasingewezekana. Katika masimulizi ya historia ya taaluma hii jina la Kibuka halitajwi inavyostahili, ingawa kila neno la mama lililoingia katika daftari lilipita kwanza katika masikio na ulimi wake.

Yale Ainsworth aliyoyaona yalimgeuza mapema sana. Mtoto hakuwa kiumbe wa kupokea tu. Mtoto anayetambaa alimfuata mama yake mlangoni, akalia alipotoka, akampokea kwa furaha na kupiga makofi aliporudi. Alitoka mapajani kwenda kukagua kikapu au mgeni, kisha akageuka kumtazama mama, akarudi kidogo, akaenda tena. Kutokana na kuona hayo mara kwa mara ndipo lilipopata nguvu wazo kwamba mama ni kituo cha usalama ambacho mtoto hukianzia safari zake za kuugundua ulimwengu. Tena aliona watoto wakishikamana na baba, bibi, na ndugu ambao hawakuwahi kuwanyonyesha, na hoja ya kwamba upendo ni matunda ya chakula ikapoteza msingi wake mbele ya macho yake.

Kati ya watoto hao 28 alihesabu 16 waliokuwa na mwambatano wenye usalama, 7 wasio na usalama, waliolia sana hata wakiwa wamebebwa, na 5 ambao walikuwa bado hawajaonyesha kumtofautisha mama na watu wengine. Alipotafuta kilichowatofautisha, baadhi ya mambo yaliyotazamiwa hayakuonekana kuwa na uzito, na kulelewa na watu kadhaa hakukuonekana kumnyima mtoto usalama. Kilichojitokeza kwa nguvu ni kwamba akina mama waliofurahia kunyonyesha, na waliokuwa wasimuliaji wazuri wa habari za watoto wao, walikuwa na watoto wenye usalama. Matokeo haya ya pili nayathamini kuliko yote. Mama aliyeulizwa swali dogo kuhusu usingizi akaeleza bila kusukumwa jinsi mtoto wake anavyohangaika kabla ya kulala, anavyopenda kushikwa, na jambo lililobadilika tangu juma lililopita, alikuwa mama anayemwona mtoto wake. Usimulizi wake ulikuwa dalili ya jinsi anavyozing'amua ishara za mtoto na kuziitikia.

Ainsworth alihamia Baltimore mwishoni mwa mwaka 1955, na mwaka 1963 akaanza utafiti wa familia nyingine 26, safari hii akitumia takriban saa 72 kwa kila familia katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Hapo alikumbana na tatizo lenye mafunzo. Watoto wa Baltimore, waliozoea kuona mama akitoka na kuingia chumba hiki na kile, hawakulia nyumbani kama walivyolia watoto wa Buganda. Ili ayaone tena yale aliyoyaona Uganda, ilimbidi, akishirikiana na Barbara Wittig, kubuni jaribio la takriban dakika 20 katika chumba kigeni, ambamo mtoto wa mwaka mmoja hukutana na mtu asiyemjua, huachwa, kisha hurudiwa na mama. Jaribio hilo, liitwalo Hali Ngeni, limekuwa kipimo kikuu cha mwambatano duniani. Lilitengenezwa kwa mazingira ya mtoto wa mji wa Marekani, na baadaye likarudishwa Afrika, bara ambako mambo yale yalikuwa yameonekana bila chumba wala jaribio.

Lilipofika Kenya kwa Wagusii, watafiti Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walilazimika kulisoma upya, katika makala yao ya mwaka 1986, kwa sababu mtoto wa Kigusii amezoea kusalimiwa kwa kupewa mkono. Mtoto aliyeunyoosha mkono wake kwa hamu kumpokea mama alikuwa akifanya kile ambacho mtoto wa Baltimore hukifanya kwa kukumbatia. Watafiti hao walipima pia mwambatano wa mtoto na mlezi mwingine wa nyumbani, na wakakuta mtoto anaweza kuwa na usalama kwa wote wawili. Robert LeVine, mwanaanthropolojia aliyepata pia mafunzo ya saikolojia changanuzi, alionyesha kutokana na kazi yake ya miaka mingi huko Gusii kwamba mama anaweza kuwa mwepesi sana wa kumwitikia mtoto anayelia, huku akizungumza naye kidogo kuliko anavyozungumza mama wa Kimarekani. Huko Ituri, Kongo, Edward Tronick na Gilda Morelli waliwaona watoto wa Waefe, jamii ya wawindaji wa msituni, wakipita mikononi mwa watu wengi na kunyonyeshwa hata na wanawake wasio mama zao. Ainsworth mwenyewe, katika chapisho la Shirika la Afya Duniani la mwaka 1962, alikuwa ameshaandika kwamba kulelewa na wengi si sawa na kunyimwa malezi. Waliomfuata ndio waliomkaza mtoto na mama peke yao katika chumba kimoja.

Wachanganuzi wa London hawakuipokea kazi hii kwa mikono miwili. Bowlby alipowasomea hoja yake kuhusu asili ya kifungo cha mtoto na mama, iliyochapishwa mwaka 1958, wengi walimwona ameacha ung'amuzibwete, yaani sehemu ya nafsi ambayo mtu mwenyewe haijui, pamoja na njozi, akaenda kuhesabu vilio na nyayo. Anna Freud naye alimpinga kwa maandishi mwaka 1960 kuhusu majonzi ya watoto. Lawama ile haikuwa tupu kabisa, kwani kutazama tabia pekee hakumwambii mtu mama anaubeba vipi utoto wake mwenyewe. Hata hivyo, daraja lilikuwa limeshawekwa na akina mama wa Buganda. Mary Main, mwanafunzi wa Ainsworth, alitunga mahojiano ya watu wazima ambayo hupima namna mtu anavyousimulia utoto wake zaidi ya kile kilichomtokea. Mwaka 1991 Peter Fonagy, ambaye ni mchanganuzi, pamoja na Howard Steele na Miriam Steele, walionyesha kwamba simulizi ya mwanamke mjamzito inaweza kubashiri mwambatano wa mtoto wake atakapotimiza mwaka mmoja, na ubashiri huo ulikuwa sahihi kwa takriban robo tatu ya watoto. Mimi naona mstari mmoja usiokatika kati ya matokeo hayo na yule mama wa alasiri aliyeeleza usingizi wa mwanawe kwa kina.

Kwa sababu hiyo, anapoletwa kwangu mtoto asiyelala au asiyetulia, huanza kwa kuuliza nani huwa naye tangu anapoamka hadi anapolala, na huandika majina yote, akiwamo dada wa kazi, bibi, na kaka wa miaka tisa anayembeba mgongoni. Kisha humwomba kila mmoja anayeweza kufika anisimulie siku ya jana ya mtoto huyo, nami sikatizi. Mara nyingi mtu mwenye habari nyingi kuliko wote ni yule ambaye fomu ya hospitali haikuwa na nafasi ya kumwandika.